Dalali wa Asubuhi na Dalali wa Alasiri

Kijiko kiligonga kikombe gizani, kling, kling, kling. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na mume alikuwa jikoni anakoroga chai kwa kukisia, mkewe bado kitandani. Alikoroga muda mrefu mno. Mtu akikoroga chai hivyo, ama sukari imegoma kuyeyuka, ama ana neno limemkwama kooni.

"Mama watoto," akaita hatimaye, ingawa mtoto wao ni mmoja. "Ile habari ya dalali. Tumchukue Bwana Upepo tu. Yule anauza nyumba ndani ya wiki."

"Huyo aliyetuuzia hii?"

"Ndiyo maana nasema kazi anaijua."

Mke akavuta shuka mpaka kidevuni. Miaka miwili ya masomo ya jioni ilikuwa imezaa: mwezi ukiisha anaanza kazi kwenye zahanati ya ng'ambo ya mto, na bila kuuza nyumba hii hawana pa kuhamia. Hilo alilijua. Lakini alijua pia kilichoko nyuma ya uzio: kuku elfu mbili wa mayai. Asubuhi hawana neno. Ikifika saa tisa alasiri upepo ukigeuka, harufu yao huingia sebuleni bila hodi na kukaa kochi zima. Bwana Upepo aliwaleta yeye na mumewe kuiona nyumba asubuhi. Alasiri ya kwanza humu ndani mke alilia, tumbo la miezi tisa likimtangulia, huku akisugua choo kisicho na kosa lolote. Aliapa hatamfanyia hivyo mwanamke mwenzake.

"Nitakwenda kumpima mwenyewe," akasema. "Nitajifanya mteja."

Mume akapapasa kopo gizani. Akaongeza sukari.

Ofisi ya Bwana Upepo ilikuwa kontena la bluu kando ya barabara ya vumbi, na ndani yake kiti kimoja na kalenda ya mwaka juzi. Mwenyewe alivaa viatu vinavyong'aa hata vumbi liliona aibu kuvigusa. Alimtazama mgeni wake usoni, vizuri kabisa, wala hakumkumbuka.

"Karibu dada yangu. Tunatafuta nini?"

"Nyumba ndogo. Ya mama mwenye mtoto."

"Una bahati, wewe! Imeingia jana, bado ya moto. Twende sasa hivi, jua halijawa kali."

Akampakia kwenye pikipiki. Wakapita mashine ya kusaga, wakakata kulia penye kisima, wakakata kushoto, na moyo wa mke ukaanza kwenda mbio kuishinda pikipiki. Wakasimama mbele ya mlango wake mwenyewe. Ufunguo uliotoka mfukoni mwa dalali ulikuwa na uzi mwekundu, na uzi ule aliufunga yeye kwa mkono wake.

Kumbe ndilo neno lililokuwa kwenye chai: mume alishampa dalali ufunguo!

"Mwenye nyumba ni mama mmoja tajiri," dalali akaanza, "anahamia nje ya nchi. Mimi naye kama ndugu. Ona dari hii. Ona ukuta. Sasa simama hapa dirishani, dada, usikie upepo. Mwanana! Hapa hata feni utaigawa bure."

Maneno yale yale ya miaka minne iliyopita, na pumzi alivuta pale pale. Kibaya zaidi, aliyasema vizuri. Kwa dakika nzima mwenye nyumba alitamani kuinunua.

"Na hao kuku ninaowasikia?"

"Kuku? Aa, hao! Mayai mlangoni, hayo."

"Naweza kurudi kuiona alasiri?"

"Alasiri nina msiba."

"Kesho?"

"Kesho pia. Ukoo wetu mkubwa sana."

Hapo mlango wa chumbani ukafunguka, akatoka mwanamume, taulo kiunoni, mswaki mdomoni. Akaganda.

"Usimjali," dalali akanong'ona. "Mpangaji tu. Anaondolewa."

"Ni mume wangu," akasema mke. "Na nyumba hii ulishaniuzia. Naomba ufunguo."

Bwana Upepo akamtazama upya, safari hii kwa makini. Kisha, bila kupepesa, "Basi dada, si umeona ninavyoijua!"

Lakini ufunguo aliutoa.

Dalali wa pili waliyebaki naye ni Mama Funguo, ambaye watu humkwepa kwa sababu ya mdomo wake. Alikuja kwa miguu, saa kumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akavuta pumzi, akakohoa. "Kuku?"

"Elfu mbili."

"Na wote wanaharisha?" Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sikiliza. Mimi humleta mtu saa nyumba inapokuwa mbaya kuliko saa zote. Akiipenda hapo, hatanitukana sokoni. Ila nachelewa kuuza, nakwambia mapema."

Zilibaki siku kumi na moja. Mume akafungua mdomo. Mke akamtazama. Mume akaufunga.

"Walete saa hizi hizi, mama," akasema mke.

Wakaja wanne, kila mmoja na pua yake mkononi, wakaaga kabla ya kukaribishwa kiti. Siku ya nane mke alijiuliza kama ukweli wake haukuwa jeuri tu, na zahanati itampa mwingine nafasi yake.

Siku ya tisa akaja mkulima wa mboga, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Upepo siku hiyo ulikuja na hasira. Mgeni akasimama uani, akafumba macho, akavuta pumzi kama aliyefunguliwa chupa ya manukato.

"Samadi yote hiyo wanaipeleka wapi?"

"Wanaichoma."

"Wanaichoma! Na mimi naifuata na mkokoteni nusu siku!"

"Lakini inanuka, dada," mke akasema, maana ilimbidi. "Kila siku. Mpaka kwenye mto wa kulalia."

"Nina pua, dada. Mchicha ndio hauna." Akamweka mtoto wake vizuri mgongoni. "Naitaka."

Mama Funguo alikuwa ameshatoa kalamu. Mtoto wa nyumba, aliyekaa kizingitini muda wote, alimkagua mgeni kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Usipake rangi chumba changu," akasema.