Vipono Chini ya Blanketi

Mama mkwe wangu, Bi Mwanaheri, alitamka mbele ya watu kwamba siku samaki wake wakifa, na yeye atafunga mzigo arudi zake Kilwa. Alisema hivyo akiwa amevaa soksi za mwanawe na kujitanda kanga tatu, mwezi wa sita, upepo wa Makambako ukigombana na mabati. Nikamwamini neno kwa neno. Bado nilikuwa sijamjua vizuri.

Watu walinishangaa. Mama mkwe anataka kuondoka, halafu mkamwana ndiye anayehangaika abaki. Zipora wa duka la jirani aliniambia waziwazi kwamba nimerogwa. Lakini Zipora hakujua nyumba ile ilivyokuwa kabla. Omary, mume wangu, ni mtu wa malori, nyumbani kwake anapita kama mgeni wa gesti. Mwanangu Fahadi yuko shule ya bweni. Mama alipokuja, ndipo nilipopata mtu wa kucheka naye hadi chai ikapoa. Nilimpenda sana, na sikuwahi kumwambia. Kwetu Kondoa mama mkwe haambiwi kwamba anapendwa. Anapikiwa.

Nikapika basi. Nikapika wali wa nazi, na nazi ya Makambako unaijua, imesafiri hadi imesahau ilikotoka. Mama akala, akashukuru, akanyong'onyea vilevile. Anakumbuka bahari, alisema Omary.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, barabara ikipitisha kila kitu: mitumba, redio za kaseti, sabuni za rangi. Omary akaona kama vyote vinapita, na bahari nayo inaweza kupita. Akamwagiza Elieza, fundi vioo wa Mjimwema kule Njombe, atengeneze sanduku la kioo refu kama kitanda cha mtoto. Elieza hakuacha kuuliza kama si kabati la vyombo. Kisha Omary akarudi kutoka Dar es Salaam na mapipa ya maji ya bahari, mchanga, mawe ya matumbawe yenye uhai wake, mashine ndogo ya kupuliza hewa na kifaa cha umeme cha kupasha maji. Samaki wawili aliwapakata mwenyewe kwenye mifuko ya nailoni, dereva akiendesha.

"Vipono," alisema Mama, na hapo nikamwona anacheka kwa macho. "Si pono wenyewe, ni jamaa zao wadogo wa kwenye miamba."

Mmoja alikuwa wa kijani mwenye michirizi myekundu, mwingine wa manjano mpole. Mama akawaita Bwana Harusi na Bibi Harusi. Jua likishuka walijichimbia mchangani wakalala, asubuhi wakatoka wakijitikisa. Miaka yote nilikuwa namfokea Fahadi kwamba analala kama pono, na sikuwahi kuona hata binamu yake pono.

Nilijifunza kuwatunza kama mtu anayejifunza kulea upya. Mama alitaka chandarua juu ya sanduku, kwa sababu samaki hawa wakishtuka wanaruka, na sakafuni hakuna bahari. Maji yalipopungua nikakimbilia chumvi ya jikoni, Mama akanishika kiganja.

"Yanayoondoka ni maji, Hamisa. Chumvi imebaki humo humo. Ongeza maji ya mvua, tena kidogo kidogo."

Chakula chao kilikuwa uduvi, Mama anausaga mwenyewe, na anawapa kiasi cha kushikika kwa vidole viwili. Umeme ulipokatika, nilizungushia sanduku blanketi la Omary. Aliporudi safari akalala na koti. Alilalamika, nikamwambia aliwaleta mwenyewe.

Habari ikafika kanisani kwa Walutheri kupitia Emilia. Emilia ni jirani yangu, mzaliwa wa Kichiwa, muuza viazi na sauti ya kwanza ya kwaya, mwenye moyo mpana kama shamba lao. Jumapili moja, mimi niko dukani na Mama yuko chumbani anaswali, alibisha hodi, akaingia na kwaya nzima nyuma yake.

Sasa huku Njombe mgeni haendewi mikono mitupu, na hatazamwi tu kama picha. Analishwa. Niliporudi niliwakuta wamejipanga mbele ya kioo, kila mmoja na alichobeba. Ugali ulikuwa umeshaingia majini, na kiazi, na mkate. Emilia alikuwa anamalizia kufikicha yai la kuchemsha, uso unang'aa kwa upendo.

"Kamwene, Mama Fahadi," akaniamkia. "Wageni wako wamekonda, lakini tumewalisha."

Agustino, mume wa mwanakwaya mmoja, alishauri waongezewe tone la ulanzi, pombe ya mianzi, wapate joto. Huyo nilimtoa nje na kikombe chake. Wengine niliwaaga kwa adabu.

Kesho yake maji yalikuwa meupe kama togwa, na yananuka. Vipono walikuwa juu kabisa, karibu na mapovu ya hewa, wakihema mbio mbio. Mama aliwatazama, akarudi chumbani, akakaa kitandani. Niliogopa kuliko siku Fahadi alipougua surua.

Omary alikuwa njiani. Lakini mke wa mtu wa malori hahitaji kufundishwa kunyonya dizeli kwa mpira. Nilichukua mpira mpya, mweupe, nikautumbukiza hadi chini palipolala yale makombo, nikanyonya, nikaelekeza kwenye ndoo. Nilimeza bahari ya kunitosha. Emilia alikuja akitokwa na machozi, nikampa ndoo abebe badala ya kulia. Tulitoa uchafu na karibu nusu ya maji. Pipa moja la akiba la maji ya bahari lilikuwepo. Tuliliweka karibu na jiko la mkaa hadi joto lake likalingana na la sandukuni, ndipo tukayamimina taratibu. Kufikia alasiri maji yakaanza kuonyesha mawe.

Bibi Harusi akatulia. Bwana Harusi, aliyeshtushwa na mpira, alikuwa amezama mchangani, na hakutoka. Hakutoka asubuhi, wala siku iliyofuata, wala baada ya hapo. Nikakunja mikono ya gauni nimfukue, nijue moja.

"Mwache alipo," alisema Mama.

Sauti yake ilikuwa tulivu mno. Nikaielewa kuwa sauti ya msiba.

Emilia naye akaelewa hivyo hivyo. Alikuja na wenzake, kuni kichwani na maharage kwenye ungo, wakakaa mkekani kutupa pole. Mama akawapokea vizuri, akawashukuru, akala maharage yao. Kesho yake akalifunika sanduku lote kwa kanga yake nyekundu na kutukataza kuigusa. Halafu akavuta begi lake kutoka uvunguni.

Asubuhi iliyofuata, lori la Omary lilikuwa uani, limepakia mbao za kwenda Dar es Salaam. Begi la Mama likapandishwa juu. Mama mwenyewe alikuwa ameshaweka mguu kwenye kidato cha kebini.

"Ameshaamua," Omary aliniambia. "Tusimlazimishe."

Hapo hasira ikanipanda. Nilimkasirikia Omary na upole wake, na yule samaki, na Kondoa nzima inayopika badala ya kusema. Nikashika mlango wa kebini.

"Mama, huendi," nikasema, na machozi yakaja bila kuitwa. "Samaki wafe au waishi, mimi sina haja nao. Ninakutaka wewe. Ukiondoka nitacheka na nani? Nani atanishika mkono nikitia chumvi pasipotakiwa? Nakupenda, Mama. Kaa."

Mama akanigeukia.

"Rudia hilo la mwisho," akasema.

"Kaa."

Akashusha mguu. Akanishika mkono hadi sebuleni. Hapo akaivua ile kanga nyekundu kutoka kwenye kioo, kama anayemfunua biharusi. Maji yalikuwa safi, na ndani yake vipono wawili walikuwa wakifukuzana kuzunguka jiwe, wa manjano mbele, wa kijani nyuma, michirizi yake inawaka.

Nikakosa pa kuweka mikono. "Ametoka lini?"

"Jana asubuhi. Hawa wakitishwa hulala hata siku kadhaa. Kwetu hilo kila mtu analijua."

"Na ukamfunika?"

"Nilimfunika asije akakutangulia kunizuia." Alikuwa anaikunja kanga yake polepole. "Tangu nimefika mmenipa soksi, mmenipa wali, mmenipa bahari nzima kwenye sanduku. Hakuna aliyefungua mdomo akaniambia kaa. Nilitaka nikae kwa ajili ya mtu, si kwa ajili ya samaki."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikaniwahi. Tukacheka wote wawili hadi Emilia akachungulia dirishani, na mzigo mwingine wa kuni kichwani.

Omary alikuwa ameshapanda juu ya mbao kushusha begi. "Na blanketi langu je?" akauliza kutoka huko.

"Liache hapo lilipo," Mama akamjibu. "Sisi bado tunasikia baridi."