Nimefika Salama

Modesta alikuwa kibarazani kwake Mkuyuni akichambua maharage, pale mumewe Projest alipoingia uani amelowa chapachapa. Alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kuuza mitumba visiwa vya ziwani, na simu ilishasema kwamba amefika salama. Akavua viatu, akavikung'uta. Samaki mdogo akadondoka, paka akamchukua.

"Mama Koku," akasema, "boti imezama. Nimekufa."

"Na mzigo?"

"Uko chini na sisi. Hata kamba sikufungua."

Modesta akasonya, kisha akalia. Alilia kwa kituo, kama anavyostahili mume mwema, huku akisukuma beseni chini ya kiti alichokalia mumewe, kwa sababu maji yalikuwa hayakomi kumtiririka.

Angetangaza msiba kwa ujumbe wa simu, lakini serikali ilikuwa imeweka kikomo cha ujumbe mmoja kwa siku kwa kila namba, ili kuzuia uvumi na taharuki. Wa kwake aliutumia asubuhi kumkumbusha wifi yake arudishe sufuria. Kwa hiyo Projest akatoka kujitangaza mwenyewe. Alifika hadi Buswelu kwa binti yao Koku, ambaye alimfuta kwa kanga mpaka kanga ikalowa yote. Aliporudi akamgongea jirani, Mama Ngosha.

"Pole, shemeji," Mama Ngosha akasema. "Lakini ndiyo unanialika msiba wako mikono mitupu? Umetoka ziwani hata dagaa huna?"

"Mayu, nimekufa. Sikwenda kuvua."

"Haya, nitaleta viti."

Akaleta. Marehemu akasaidia kufunga turubai, maana ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote.

Kilichokosekana ni mwili. Modesta alitaka kumzika mumewe, si kumwekea beseni maisha yote. Projest naye alisema mwamba aliolalia unamuumiza mgongo, na robota la mitumba limemkalia kifuani. Kesho yake wakaenda ofisi ya serikali kuomba wazamiaji. Afisa aliyewapokea, kijana nadhifu aitwaye Nestory, akampa Projest shikamoo na gazeti la kukalia asije akaharibu kiti.

"Hakuna boti iliyozama," Nestory akasema.

"Nilikuwemo," Projest akasema.

Nestory akawageuzia kompyuta. Pale palikuwa na ujumbe wa Projest wa jana: Nimefika salama. Chini yake ulikuwepo wa nahodha, kisha wa abiria wote, mmoja baada ya mwingine: Nimefika salama.

Projest akakuna kichwa, maji yakamtiririka shingoni. Katikati ya ziwa hakuna mtandao, na ujumbe uliokwama nao ulihesabiwa kuwa umetumwa. Ndiyo maana tangu kikomo kije, wasafiri walituma salamu za kufika wakiwa bado bandarini, ndipo wakapanda.

"Tulituma kabla," akasema.

"Mzee wangu, unaikana namba yako?"

"Siikani."

"Basi mlifika. Nikipeleka wazamiaji nitakuwa nimethibitisha uvumi. Na wewe usizunguke mitaani umelowa hivyo, unaleta taharuki."

Modesta akauliza kama wasingeweza kuwatoa kimyakimya tu. Nestory akajibu kwamba kimya nacho kina utaratibu wake, na hakijaombewa kibali.

Walikaa msibani mpaka unga wa uji ukaisha, Mama Ngosha akarudisha viti. Boti bado iko chini. Projest huja jioni, hunywa chai, hulalamikia mgongo. Alfajiri huvaa viatu vyake vilivyolowa na kurudi ziwani kulala pale alipo.

"Ukifika unijulishe," Modesta humwambia, kama alivyomwambia miaka yote.

Kabla mumewe hajavuka mtaro wa mbele ya nyumba, simu hulia. Nimefika salama. Modesta huusoma mpaka mwisho, kisha huenda kumwaga beseni.