Kikopo cha Mama Mkwe

Ilikuwa siku ya nne tumbo linamwendesha mama mkwe, macho yameingia ndani, ndipo daktari alipoagiza choo chake kipimwe. Maabara ilikuwa moja tu, na mpimaji alikuwa mume wa binti yake.

"Nimpelekee mkwe wangu mavi?" alimaka. "Bora nife na heshima zangu."

"Mama, si kila siku anapima ya watu?" binti yake akasema.

"Ya watu! Siyo yangu!"

Mwishowe kikopo kilifika, kimeviringishwa vitambaa vitatu kama zawadi ya harusi. Mkwe akakipokea kwa mikono miwili, akapaka kidogo kwenye kisahani chenye lishe ya vijidudu, akangoja siku mbili. Hakikuota hata kidoa.

"Basi mzima huyu," mwenzake wa pale maabara akasema.

"Mzima gani, na kusimama hawezi?"

Mwezi ule walikuwa wameletewa mashine mpya isiyongoja vijidudu viote. Inatafuta alama zao tu, viwe hai, viwe vimekufa. Akaijaribu. Baada ya saa moja na ushei ikajibu: vijidudu vya kuhara damu vimo, tena tele.

Vimo, lakini vimekufa vyote. Nani kaviua? Akampigia mkewe simu, naye akacheka mpaka akapaliwa.

"Mama alimimina maji ya moto humo! Eti anaua harufu, usije ukamdharau."

Ugonjwa ulishajulikana, ila dawa bado. Vijidudu vya aina ile vilikuwa vimezoea dawa nyingi, na ya kuviweza hujaribiwa kwa vilivyo hai. Hakukuwa na ujanja. Alasiri akapiga hodi chumbani kwa mgonjwa, akakaa ukingoni mwa kiti, macho chini, kikopo kitupu mkononi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba."

"Marahaba. Omba, mwanangu."

"Kikopo kingine. Na mama, nakuomba, kije na harufu yake."

Mama mkwe akajifunika shuka gubigubi. Shuka likaanza kutikisika. Mkwe akadhani analia, kumbe kicheko.

"Huna haya wewe mtoto!" sauti ikatoka ndani ya shuka. "Haya, kiache hapo, utoke nje."

Safari hii vijidudu viliota kisahanini. Katika dawa sita zilizojaribiwa, moja ikaviweza. Siku ya tatu ya kuimeza, mama mkwe aliomba chakula mwenyewe, akaagiza mkwewe aje wale pamoja.

"Karibu, baba," alimwambia mlangoni. "Ila kanawe kwanza. Mikono hiyo najua inashika nini."