Pindo la Nyota Nyeupe

Durbibi wa nyumba ya pili aliapa kwamba Haji Ghaus, mwosha mazulia wa mjini Torbat, amelichinja zulia kama kondoo, kichwa huku, miguu kule. "Kwa macho yangu haya, shoga!" alimwambia Mahganj, vumbi la safari ya Torbat bado limemganda kwenye nyusi. "Na kisu kile kile anachokatia tikiti."

Mahganj alimjua jirani yake. Durbibi akikusikia unapiga chafya hutangaza msiba. Lakini moyo haukutulia, akamwambia kaka yake Sanjar awashe pikipiki.

Zulia lilikuwa la harusi yake. Sanjar alilipeleka kwa Haji lioshwe tu, basi. Aliyelianza ni mama yao. Alitandaza mtande chini, zile nyuzi za urefu, akasuka pindo la kwanza, lile bapa lisilo na mafundo, upana wa shubiri moja na nusu, nyota ndogo nyeupe juu ya wekundu wa rangi ya mizizi. Akafa kabla hajafunga fundo hata moja. Kuanzia hapo ni mkono wa Mahganj, majira mawili ya baridi, mpaka magoti yakaota sugu.

Haji walimkuta dukani kwake, kitini, anakunywa chai, kipande cha sukari shavuni.

"Bi harusi! Njoo uone linavyong'aa!"

Mahganj akaligeuza. Mafundo aliyajua kama meno yake mwenyewe. Lakini pale lilipopaswa kuanza na mama, palikuwa na ukingo wa cherehani na matamvua ya pamba, kama ndevu za kubandika. Upande wa pili vilevile.

"Mapindo yako wapi, Haji?"

"Vile vitambaa? Nimekuondolea bure. Wateja hawavitaki. Zulia si ng'ombe, binti yangu, mkia wa nini?"

Sanjar alitaka kucheka. Akauona uso wa dada yake, akakohoa.

"Mteja gani? Nani kakwambia linauzwa?"

"Mkono umezoea, binti. Mazulia yenu yote ya Kibaluchi nayafanya hivyo."

"Yote?" Mahganj alisimama. "Miaka yote hii unatukata, na sisi tunakushukuru kwa sabuni? Ni mwanamke gani alikuomba? Mtaje mmoja!"

"Shusha sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Chanuo la kushindilia uzi hujui hata linashikwa wapi, halafu unaamua kazi yangu inaanzia wapi na inaishia wapi!"

"Sanjar, mtulize dada yako."

"Mtulize mwenyewe, Haji," Sanjar alisema. "Kisu si ulishika wewe?"

Haji akasogeza miguu chini ya kiti, na hapo Mahganj akaziona: nyota tatu nyeupe zikichungulia chini ya viatu vyake, nyekundu yote imelowa tope. Kumbe safari hii Durbibi hakutia chumvi. Alipunguza.

Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na magoti ya Haji.

"Pindo la mwisho nililisuka mimi. Hilo litupe, nitasuka jingine," alisema, sauti sasa imeshuka. "Hili ni la mama. Inua miguu, Haji. Nipe."

Haji alitazama mlangoni, akatazama birika. Akachukua kipande kingine cha sukari, akakichovya kwenye chai, akakitia kinywani taratibu. Miguu ilibaki palepale.