Waliobaki Kundi la Zamani

Fundi makochi alikuwa mtu wa msimamo, na msimamo wake ukishaingia kichwani ulikuwa hauchomoki hata kwa koleo. Ukoo mzima ulipoamua kuhamia kwenye mtandao mpya, ule wa mapicha yanayotembea na mioyo inayorukaruka, yeye alisema haendi ng'o.

"Kipya kinyemi kingawa kidonda," aliwaandikia kwenye kundi la zamani. "Mimi hapa pananitosha."

Wakamcheka, wakamwita Redio ya Mbao, kisha wakaanza kuhama. Kila aliyehama, simu iliandika mstari mdogo wa kijivu: ametoka. Binamu ametoka. Shemeji ametoka. Mke wa kaka ametoka. Wengine hawakutoka rasmi, ila waliufyata kabisa. Fundi alikuwa akivuta kitambaa juu ya sponji, simu ikilia anafuta vumbi, anasoma, anasonya. Hakumwambia mtu, lakini ilimuuma. Ni kama umekaribisha watu nyumbani, halafu wanaaga mmoja mmoja na chai bado iko mezani.

Aliyekuwa bado anaongea naye humo ni dada yake mkubwa tu. Huyo ndiye aliyemlea tangu walipofiwa na mama, na mpaka leo, pamoja na mvi zote za fundi, alimwita Kitindamimba mbele za watu bila haya. Bintiye alikuwa amemwekea mtandao mpya kwenye simu, ila kundi la zamani hakuliacha. Kila asubuhi alimtumia mdogo wake ujumbe wa sauti, kikohozi kwanza, salamu baadaye.

"Kitindamimba, umeamka? Umekula? Hebu njoo na huku, ukaidi wa nini? Watoto wanaweka picha nzuri, nikiangalia haupo, roho inaniuma."

"Dada, huko nitakuwa mmoja katika mia. Hapa nina wewe."

"Na mimi nikihama je?"

"Hama! Nani kakushika?"

Alicheka mwenyewe pale karakana, lakini utani ule ulimwingia. Kuanzia hapo kila akifungua simu alikuwa anaogopa kukuta mstari wa kijivu wenye jina la dada.

Wiki hiyohiyo sauti ya dada ikakatika. Asubuhi ya kwanza fundi alidhani amelala. Ya pili akanuna: kumbe kweli, na huyu naye anafunga virago. Angeweza kupiga simu akauliza, lakini mkaidi akishanuna hapigi, anasubiri apigiwe. Ya tatu, misumari iko mdomoni na nyundo mkononi, ujumbe ukaingia kundini kutoka kwa mpwa wake, binti wa dada: "Jamani, mama ametutoka."

Majuma mazima neno hilo lilikuwa na maana moja tu machoni pake. Akatema misumari, akaandika kwa hasira: "Aende tu. Nilijua ataniacha. Mwambieni huko alikokwenda asinitafute."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, maskini, hawakujua kwamba siku moja ulimi utahamia kwenye vidole. Fundi akazima simu, akaitupa kwenye droo ya nyuzi.

Kesho yake, jua limeshapinda, hasira ikawa imebaki upweke mtupu. Alimkumbuka dada mpaka kazi ikamshinda. Akachukua simu, akaenda mlango wa pili kwa muuza vitambaa.

"Mama, niunge na huo mtandao wenu. Nimeshindwa. Nikamwombe dada yangu msamaha."

Muuza vitambaa akacheka, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Mtandao ukafunguka, na picha ya kwanza ilikuwa ya dada, na gauni lake la kijani, chini yake mioyo isiyo na idadi.

"Ona wanavyompenda," fundi alisema. "Amehamia juzi tu."

Yule mama alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anasoma.

"Fundi," alisema taratibu, "kaa kwanza."

Alipoambiwa, alimpigia mpwa wake simu.

"Mwanangu, ni mjomba wako."

"Tumeshamzika, Mjomba. Leo asubuhi. Tulikupigia sana, umezima. Wakubwa wakasema tusikusubiri, mtu aliyeandika vile haji."

"Nilidhani ametoka kundini. Haki ya Mungu. Nilidhani amehamia huko kwenu kaniacha peke yangu."

"Mjomba, niliandika ametutoka." Akakazia: "Ametutoka!"

"Nimeelewa sasa, mwanangu. Nimeelewa sasa."

Mpwa wake alivuta kamasi. "Basi yafute yale maneno. Watu wanaonyeshana hapa msibani. Yafute, Mjomba."

Fundi akarudi kundi la zamani. Muuza vitambaa akamwonyesha pa kubonyeza. Muda ulikuwa umeshapita, na simu ilimpa njia moja tu: futa kwako.

"Inanifutia mimi peke yangu," alisema. "Kwenu yatabaki."

Fundi alimsikia binti akilia upande wa pili, na yeye akaangua kilio, mtu mzima yule, mbele ya muuza vitambaa na mteja aliyekuwa amesimama mlangoni kuulizia kochi lake.