Wote Wametoka

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, wachimbaji mia mbili na kumi na wawili walikuwa wamepanga foleni kwenye geti la mgodi, upande wa Geita, kila mmoja na kadi yake mkononi. Kadi ikiguswa kwenye mashine, mashine iliiuliza seva iliyokuwa Ibadakuli, Shinyanga, kama mtu huyu yumo kwenye zamu. Seva ikajibu, geti likafunguka, akaja mwingine. Kila swali lilipita minara minne kwenda, na kila jibu minara minne kurudi. Siku za mvua foleni ilisimama kabisa, basi la kampuni likaondoka, na watu waliokuwa ardhini tangu alfajiri wakatembea kwa miguu hadi majumbani.

Vumilia, fundi wa mtandao, aliwaonea huruma. Wengine wamwite mvivu au mjuaji, lakini jambo hili lilianzia kwenye huruma na ni haki lisemwe hivyo. Aliambiwa apunguze mzigo wa mtandao kati ya mashine za getini na seva, akakaa wiki nzima akiwaza, mwishowe akamkumbuka baba yake aliyeko Didia. Mzee yule hakuhesabu ng'ombe wakirudi malishoni. Kwao, kuhesabu mifugo kwa kidole ni kuitafutia balaa. Alisimama mlangoni mwa zizi akasikiliza. Kama hakuna ndama aliyelia, wote wameingia, na mlango ukafungwa.

Vumilia akaifundisha mashine kusikiliza. Tangu siku hiyo haikuuliza tena mtu mmoja mmoja. Orodha ya zamu ilishushwa asubuhi mara moja, geti likawa linafunguka lenyewe kwa kila kadi iliyomo, na saa kumi na mbili na robo, kama hakuna aliyebonyeza kitufe cha dharura, mashine ilituma Ibadakuli neno moja tu: Wote. Seva ikaandika kwamba wote wametoka. Mzigo wa mtandao ukabaki sehemu moja ya kumi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi kwenye kitengo cha mtandao. Meneja wa mifumo, Bwana Ansgar, alimpa Vumilia cheti chenye fremu.

Mwezi wa pili wa utaratibu huo, Jumatatu, Masalu alirudi kwenye handaki la nne kuchukua hotipoti yake aliyoisahau, na mwamba ukashuka. Hakuna aliyesikia. Wenzake walidhani ametangulia. Saa kumi na mbili na robo mashine ilituma neno lake.

Jumanne jioni Masalu alikuja getini pamoja na zamu iliyokuwa ikitoka. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope na hotipoti mkononi. Akagusisha kadi. Taa haikuwaka kijani wala nyekundu.

"Shikamoo mzee," alimwambia mlinzi.

"Marahaba, Masalu," alisema mzee Marselino. "Mbona jana sikukuona?"

"Mwamba umenifunika, handaki la nne. Nimekufa kama saa kumi na moja hivi."

"Pole sana, baba."

"Nimeshapoa. Ila mashine hainitambui."

Marselino alimpa chai kwenye kikombe cha bati na kumpigia simu Vumilia. Vumilia alikuja, akatazama kioo cha mashine, akasoma kwa sauti: Masalu, namba mia moja na kumi na nane, ametoka Jumatatu, saa kumi na mbili na robo. Mtu aliyekwisha kutoka hawezi kutoka tena. Sheria hiyo aliiandika mwenyewe.

"Kwa hiyo nimetoka?" Masalu aliuliza.

"Umetoka, kaka."

"Haya."

Marselino alichukua ufunguo, akafungua geti kwa mkono. Masalu hakuvuka. Alisema amefanya kazi hapo miaka kumi na moja na hajawahi kupita bila kuandikwa. Akipita hivyo ataitwa mtoro, na mkewe ataaibika. Akamaliza chai, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," akarudi chini.

Kuanzia hapo alikuja kila jioni. Mkewe, Generoza, mama Limi, alitoka nyumbani na ugali kwenye bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, na walikula, yeye upande huu wa mstari mweupe uliochorwa getini, mumewe upande ule. Waliongea mambo ya nyumbani: Limi ana homa, paa la jiko linavuja. Watu wa zamu waliwapita na kuwasalimu.

Lakini Generoza hakuwa amefuata maongezi. Alitaka mwili. Ndugu wa mumewe walikuwa wameshapata habari kutoka ofisini kwamba Masalu alitoka mgodini akiwa mzima, na wakahitimisha kwamba amehamia kwa mwanamke huko Ushirombo. Padri alisema hawezi kusoma misa ya wafu kwa mtu ambaye kampuni inasema yu hai. Tanga halikuwekwa, kwa hiyo hapakuwa na tanga la kuondoa.

"Dada Vumilia," alisema jioni moja, "siwezi kumlilia mtu niliyempa ugali jana. Nitolee mume wangu nimzike, halafu nilie kama wenzangu."

Maneno hayo yalimchoma Vumilia, na hakujaribu kuyakwepa. Aliirudisha mashine kwenye utaratibu wa zamani kwa dakika moja, akaifanya iulize Ibadakuli kwa jina. Seva ilijibu upesi, maana siku hizi mtandao ulikuwa mwepesi: ametoka. Ilikuwa inamrudishia neno lake mwenyewe.

Ushahidi ulikuwepo. Pembeni mwa geti ulibaki ubao wa zamani, wa enzi ambazo kila anayeshuka alitundika kipande chake cha shaba upande wa chini, na akipanda alikihamishia upande wa juu. Mashine zilipokuja wote waliacha, isipokuwa Masalu. Kipande namba mia moja na kumi na nane kilikuwa bado upande wa chini. Vumilia alikipiga picha, akampelekea Bwana Ansgar pamoja na barua ya kukiri kosa. Ansgar alisoma yote, tena kwa makini.

"Ubao si mfumo, Vumilia," alisema. "Wa kurekebisha kumbukumbu za kutoka ni mfanyakazi mwenyewe. Kuna fomu."

Masalu aliijaza fomu juu ya meza ya mlinzi, akaweka dole gumba. Baada ya siku nane ilirudi kutoka makao makuu. Ilieleza kwamba huyo bwana hajaonekana kazini tangu Jumatatu ile, ameshafutwa kwa utoro, na mtu asiye mfanyakazi hajazi fomu ya wafanyakazi. Chini yake palibandikwa tangazo: handaki la nne halina dhahabu tena, na kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha hamna mtu, litajazwa zege Alhamisi.

Vumilia alimpigia simu baba yake. Alimweleza yote, tangu zizi mpaka zege. Mzee akauliza, "Ndama akipotea, mama yake hulia. Hiyo mashine yako ina mama?"

"Haina, baba."

"Basi ungehesabu tu, mwanangu."

Jumatano Vumilia alienda mwenyewe Ibadakuli. Walimkaribisha vizuri, wakampa soda, wakamwomba awafundishe ule utaratibu wake ili waupeleke kwenye mageti mengine matatu. Alipotaja zege, walimwonyesha seva. Ilikuwa kabati jeusi, safi, inapulizwa baridi mchana kutwa, na ndani yake Masalu alikuwa ametoka.

Zege lilimwagwa Alhamisi, saa mbili asubuhi mpaka saa tisa.

Jioni Masalu alichelewa. Alikuja wa mwisho, polepole, kwa sababu ya uzito. Zege lilikuwa limemkaukia mabegani na kwenye nywele, na vidole vilikuwa vimegandia hotipoti. Generoza alilowesha kitambaa cha bakuli akamfuta macho, kisha akaichukua kadi kifuani mwake akaigusisha yeye. Taa haikuwaka. Masalu hakuweza tena kufungua mdomo, akamtazama Vumilia.

Vumilia alitazama kioo, ingawa alijua.

"Umetoka, kaka."

Masalu aliinamisha kichwa kidogo, akageuka, akaanza kurudi. Generoza alilifunika tena bakuli la ugali ambao haukuliwa.

"Mzee Marselino," alisema, "kesho unikumbushe nije na nyundo na patasi ndogo. Atahitaji kula."

"Nitakukumbusha, mama Limi."

Saa kumi na mbili na robo mashine ilituma neno lake, na likafika Ibadakuli bila kuchelewa.