Chupa Iliyoandikwa DAWA

Ujumbe uliingia kwenye simu wakati mwalimu amewapa wanafunzi mgongo, anaandika ubaoni. Kijana aliuchungulia chini ya meza akidhani ni mzaha wa rafiki. Ulitoka kwa Mama Pacha, jirani yake Bibi Cherehani.

"Jumamosi, habari za masomo. Bibi kakohoa usiku mzima, hakulala wala hatukulala. Bahati nzuri nimeiona ile dawa uliyomletea, iko dirishani. Nampa sasa hivi. Mungu akuzidishie moyo huohuo."

Aliurudia kuusoma. Dirishani kwa Bibi palikuwa na chupa moja tu, naye ndiye aliyeiweka. Haikuwa dawa ya kikohozi. Ilikuwa dawa ya kunguni.

Jumamosi lilikuwa jina la kupewa. Wanafunzi kadhaa wa chuo walikuwa wameunda kikundi cha kuwasaidia wazee wanaoishi peke yao katika mtaa ulio nyuma ya ukuta wa chuo. Kila mmoja alipewa mzee wake. Yeye akaangukia kwa Bibi Cherehani, fundi nguo wa zamani, ambaye macho yalikuwa yamemtupa mkono ingawa ulimi ulikuwa bado unakata kama mkasi. Kila Jumamosi alimfagilia, akamchotea maji, akamfulia shuka, na mara kwa mara akamletea dawa za kifua na za mgongo. Bibi hakujisumbua kumuuliza jina. "Jumamosi kaja," alisema, na mtaa mzima ukamfuata.

Na kijana alilipenda jina hilo. Tuseme kweli: alipenda kupita katika uchochoro ule na kusikia akina mama wakisema, "Yule mtoto kalelewa." Sifa ni asali, ukiionja unarudi na kijiko.

Juzi Bibi alikuwa amelalamika kuhusu kunguni. "Wananila hai, mwanangu. Wakimaliza damu watakula na godoro." Kijana akaenda dukani. Muuza dawa za wadudu alipima kutoka kwenye dumu kubwa na kumtilia kila mteja katika chombo alichokuja nacho. Kijana alikuwa amekwenda na chupa tupu ya dawa ya kikohozi aliyoiokota chini ya kitanda cha Bibi. Aliporudi, jua lilikuwa limeshazama, na kazi ile ilihitaji kutoa godoro nje. Akaamua kuiacha mpaka Jumamosi ijayo. Lakini hakuwa mjinga, au ndivyo alivyojiona. Alijua sumu haiachwi hivihivi bila alama. Basi akakata kipande cha karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, nzuri, zilizonyooka, neno ambalo mwenye duka alilitumia, Bibi alilitumia, na yeye mwenyewe alilitumia tangu utoto: DAWA. Akaibandika karatasi ile kwenye chupa na kurudi nyuma kuitazama. Aliridhika.

Sasa, katikati ya somo, aliliona neno lile kama anavyoliona mtu mwingine: dawa ya kunywa.

Alipiga simu. Sauti ya mwanamke asiyejua shida za watu ikamwambia kuwa namba anayoipiga haipatikani. Akapiga tena. Ikawa vilevile. Mwalimu akageuka.

"Wewe, soko liko nje."

Alitoka bila kuaga. Kiongozi wa kikundi chao, dada mmoja wa mwaka wa mwisho, alimkuta ukumbini.

"Una nini? Umekuwa kama umeona jini."

"Bibi anapewa dawa ya kunguni."

"Si ulisema utaipiga godoroni Jumamosi?"

"Kuinywa, dada. Anapewa ainywe."

Dada yule akaziba mdomo kwa kiganja. "Pigia mtu mwingine wa pale."

Hapo ndipo kijana alipogundua kuwa hakuwa na namba ya mtu mwingine. Miezi yote aliyosifiwa katika uchochoro ule, hakuwahi kumuuliza mtu jina wala namba. Waliomjua ni wao.

"Kimbia basi," dada alisema. "Umesimama unangoja nini?"

Alikimbia. Alipita nyuma ya jiko la chuo, akapenya kwenye tundu la ukuta, akaruka mtaro, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Hakurudi kukifuata. Kichwani alimwona Bibi akikaa kitandani, ameshika kijiko kwa mikono miwili kama alivyozoea ili kisimwagike. Alimsikia akisema, "Jumamosi kaniletea," na kumeza.

Woga una tabia mbaya. Ukishampata mtu humpa mawazo asiyoyataka. Wakati anakimbia, wazo lilimjia kwamba karatasi ile ingeweza kubanduliwa. Kwamba hakuna aliyemwona dukani. Kwamba mzee mwenye kikohozi akifa, watu husema siku zake zimefika. Alilisukuma wazo lile, nalo likarudi, likawa linakimbia naye bega kwa bega. Hilo lilimtisha kuliko polisi.

Uani palikuwa kimya. Kuku mmoja alikuwa akiparua karibu na bomba. Mlango wa Bibi ulikuwa wazi nusu.

"Hodi, Bibi."

Kimya.

Aliingia. Macho yake yalikwenda kwanza dirishani, na dirishani hapakuwa na kitu isipokuwa duara safi katikati ya vumbi, pale chupa ilipokuwa imesimama. Juu ya kigoda palikuwa na kijiko kilicholowa. Bibi alikuwa amelala akiutazama ukuta, khanga imemfunika hadi sikioni. Hakutikisika.

Kijana alisimama. Hatua zilizobaki hadi kitandani zilikuwa chache kuliko zote alizokimbia, lakini miguu iligoma. Alikinusa kijiko. Kilinuka kitu, mafuta ya taa labda, au labda pua yake ilikuwa inanusa alichokiogopa. Hatimaye akanyoosha mkono, akagusa mguu uliojitokeza chini ya khanga. Ulikuwa wa baridi.

"Bibi," alisema, na sauti ikatoka ya mtoto.

Mguu ukajivuta ndani ya khanga kama kobe.

"Nani ananigusa kwa mikono ya maji?"

Alikaa chini sakafuni bila kupenda. "Ni mimi, Bibi."

"Jumamosi? Kwani leo Jumamosi?"

"Bibi, Mama Pacha alikupa dawa?"

"Kanipa." Mzee aligeuka taratibu, akatabasamu upande ambao kijana hakuwepo. "Nimekunywa, mwanangu. Kijiko kizima. Na kifua kimeshaanza kulegea. Una mkono mwema wewe."

Kijana akamshika mabega. "Bibi, nisikilize. Ile si dawa ya kikohozi. Ni dawa ya kunguni. Ni sumu. Inuka twende zahanati, nitakubeba."

Vidole vya Bibi Cherehani vilikunja pindo la khanga, vikalinyoosha, kama vile linasubiri kushonwa.

"Sikunywa," alisema.

"Bibi, usinifiche. Usiogope kunitia hatiani."

"Sikunywa nakwambia. Mama Pacha alipogeuka nilimwaga pale." Alinyoosha kidole kwenye kopo la rangi lililokuwa pembeni ya mlango, lenye udongo na kijiti cha mmea kilichokauka zamani. "Nimemwagia dawa zako zote pale. Za kifua, za mgongo, zile tembe nilikuwa nazifukia."

"Zote?"

"Dawa sizipendi tangu usichana wangu. Zinanitapisha. Lakini wewe ulikuwa ukizileta na furaha utadhani umeleta posa. Nikasema, nikimwambia sizitaki, ataona hana kazi hapa. Jumamosi itapita bila Jumamosi." Akaongeza taratibu, "Nyumba hii ina kuta tu, mwanangu."

Kijana alimtazama asijue aamini lipi. Mtu aliyemdanganya miezi yote kwa mapenzi angeweza kumdanganya sasa kwa mapenzi hayohayo. Akainama, akanusa kinywa chake. Kilinuka uji. Akaenda kwenye kopo, akainama tena. Udongo ulikuwa mbichi, na harufu iliyopanda ilimchoma pua hadi machozi yakamtoka.

Alipumua. Ilikuwa pumzi yake ya kwanza kamili tangu darasani, na haikumaliza kutoka.

"Chupa iko wapi, Bibi?"

"Kaondoka nayo. Pacha Mdogo naye anakohoa. Kasema dawa kali namna ile isilale bure, atawapa watoto."

Chumba cha Mama Pacha kilikuwa upande wa pili wa ua. Kijana hakukumbuka baadaye jinsi alivyovuka. Alikumbuka pazia lililomzonga usoni, na nyuma ya pazia, Mama Pacha ameketi kwenye mkeka, Pacha Mdogo amebanwa katikati ya magoti yake, pua imefinywa, na kijiko kimejaa hadi ukingoni kinaelekea mdomoni.

"Fungua, baba. Ukimeza nakupa sukari."

Kijana akakipiga kijiko. Kiliruka, kikagonga ukuta. Papo hapo kofi la Mama Pacha likamkuta shavuni.

"Una wazimu? Unaingia kwa watu bila hodi unampiga mtoto?"

"Amekunywa? Mama Pacha, amekunywa?"

"Angekunywa wapi, jeuri kama baba yake. Tazama." Alionyesha kidole chenye alama za meno. "Kaniuma. Simu nayo wameichezea mpaka imezima. Hawa watoto watanizika."

"Na mwenzake?"

Mama Pacha alitazama huku na huku. Kijana aliona miguu miwili midogo imetokeza chini ya kitanda, nyayo juu, imetulia. Akapiga magoti, akaivuta. Pacha Mkubwa alikuja nayo, macho yamefumba na mdomo umebanwa kwa nguvu zote.

"Mkubwa. Mkubwa, umekunywa?"

Mtoto alitikisa kichwa bila kufungua kitu chochote.

"Huyo kajificha tangu aone kijiko," mama alisema, lakini sauti ilikuwa imeanza kupoteza hasira, kwa sababu kijana alikuwa akimnusa mtoto mdomoni, kisha akamrudia yule mwingine, kisha Mkubwa tena. "Jumamosi. Kuna nini?"

Hapo lile wazo lililokimbia naye njiani likarudi kwa mara ya mwisho. Aseme kwamba dawa imeharibika. Imepitwa na muda. Achukue chupa, aombe radhi, aondoke, na jina lake zuri libaki uchochoroni.

"Ni ya kunguni," alisema. "Niliitia mimi kwenye chupa ile. Karatasi niliandika mimi."

Mama Pacha aliitazama chupa iliyokuwa mkekani. Aliwavuta wanawe wote wawili, akawabana kifuani hadi wakalalamika. Kijana alitamani kofi lingine.

Walikwenda wote zahanati, Bibi akiwa ameegemea bega la kijana, watoto wakiburutwa mkono. Muuguzi aliwafungua vinywa na kuwamulika macho mmoja mmoja, akawasikiliza vifua. Alipomaliza aliinua chupa kwenye mwanga.

"Hawana kitu," alisema. "Lakini hii ingemaliza nyumba nzima na kuku wao. Nani kaandika hapa?"

"Mimi."

"Unasoma?"

"Chuo, dada."

"Mwandiko mzuri," muuguzi alisema. Kisha, bila kupandisha sauti, "Dawa ya nini?"

Muuguzi aliiweka chupa kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Njiani kurudi, Mama Pacha alitangulia. Alipofika mlangoni pake ndipo alipogeuka. "Kama huyu angekuwa mtoto mtiifu," alisema, "sasa hivi ungekuwa unaniambia nini?" Akaingia, pazia likaanguka.

Wiki ile kijana hakula vizuri. Alijiambia hatarudi, kikundi kitamtafutia Bibi mtu mwingine mwenye akili zaidi. Kila alipojiambia hivyo, alikumbuka kopo la rangi na mzee akimwaga dawa kimyakimya ili asibaki na kuta. Jumamosi ilipofika alijikuta amesimama kwenye tundu la ukuta, mkono mmoja una ndoo, mwingine una kifurushi.

Uchochoroni akina mama waligeukia kazi zao alipopita. Hakuna aliyemsifia malezi. Mama Pacha alikuwa bombani, anafua. Hakumwamkia wala hakumfukuza. Alisogeza beseni lake kidogo, ndoo ya kijana ikapata nafasi.

Pacha Mdogo, yule jeuri, alimjia mbio akasimama mbele yake, tumbo mbele, kidole kikielekea kifurushi.

"Umebeba nini?"

"Dawa," kijana alisema, na papo hapo akauma ulimi.

Mama Pacha aliacha kufua. Mlangoni kwake, Bibi Cherehani aliinua kichwa, akatega sikio.

"Dawa ya nini?" mtoto akauliza.

"Ya viatu," alisema. Akafungua kifurushi akainama, mtoto akaona kopo na brashi. "Dawa ya viatu. Haiingii mdomoni. Nitapaka viatu vya Bibi hapahapa mbele yenu, kisha narudi nayo chuoni."

Mama Pacha alimtazama hadi kijana akakipiga brashi kiatu cha kwanza na cha pili. Ndipo akarudi kwenye nguo zake.

"Ya viatu," kijana akarudia, safari hii taratibu, ingawa hakuna aliyemuuliza.